Kozi ya juu kwa dereva mzoefu wa pikipiki

Umeuliza kama kozi ya juu itakusaidia wakati umeshaendesha miaka 10. Itakusaidia, hasa kwenye breki. Dereva mzoefu ambaye ni mara chache anafunga breki kwa dharura huwa na kosa moja: anaikamata breki ya mbele kwa ghafla. Uzito unakuwa bado haujahamia mbele, tairi halijakandamizwa chini, kwa hiyo linajifunga (linaacha kuzunguka) na kuteleza. Kwenye kozi utarudia zoezi hili hadi mkono uzoee: minya kidogo, subiri shoki za mbele zizame, kisha ongeza nguvu, huku breki ya nyuma ukiigusa kwa wepesi. Anza na 30 km/h, panda hadi 60. Ukizidisha mwendo mara 2, umbali wa breki unakuwa takriban mara 4. Na kwa 60 km/h, sekunde 1 ya kushtuka tu imekula karibu mita 17 kabla hujagusa kitu.

Baada ya hapo ni kona: sukuma mshikio wa kushoto mbele, pikipiki inalalia kushoto. Wengi hufanya hivyo bila kujua, ndiyo maana wakishtuka katikati ya kona wanakaza mikono na kutoka nje ya njia. Macho yawe mwisho wa kona, si kwenye shimo.

Chagua kozi inayokuruhusu kutumia pikipiki yako mwenyewe, na mwalimu akufuate barabarani pia, si uwanjani tu. Pima upepo wa tairi asubuhi ya siku ya kozi, zikiwa baridi.