Uzi Mmoja, Ncha Mbili: Sanaa ya Kuwakutanisha Wanachuo

Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dodoma ameniandikia. Yeye na wenzake waliweka ubao mkubwa mweusi karibu na kafeteria, wakaandika juu "Ndoto yangu ni...", wakaacha boksi la chaki. Watu waliandika, wakapiga picha, wakaenda zao. Jioni ubao ulikuwa umejaa, lakini hakuna aliyezungumza na mwenzake. Anauliza walikosea wapi.

Rangi, mahali na swali havina kosa. Kosa ni kwamba kazi yenyewe mtu aliweza kuimaliza akiwa peke yake. Ubao wa namna hii ulipata umaarufu mwaka 2011, msanii Candy Chang alipoupaka kwenye ukuta wa nyumba iliyotelekezwa jijini New Orleans, Marekani. Pale wapitaji walikuwa majirani, na ukuta ulibaki pale pale. Aliyeandika leo aliweza kupita tena kesho na kusoma ya wenzake. Ubao wa siku moja chuoni hauna kesho. Kwa hiyo mkitaka watu wafahamiane, tengenezeni kitu kisichokamilika bila mtu wa pili. Nawaomba mlishike hilo kabla hamjanunua hata msumari.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito. Ndaki za Chuo Kikuu cha Dodoma zimetawanyika vilimani, na mtu wa elimu anaweza kumaliza miaka 3 bila kumjua hata mmoja wa kompyuta. Inauma.

Kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni duara la nyuzi: mirunda iliyosimama kwa duara, ambayo watu wawili wawili wanaizungushia uzi mmoja. Tafuteni mirunda 8 ya futi 7 na nusu. Chagueni yenye magome, kwa sababu kwenye bomba la chuma au mti uliorandwa uzi huteleza hadi chini. Chimbeni mashimo ya futi 2 kuzunguka duara lenye kipenyo cha mita 3, ili kati ya mrunda na mrunda ibaki zaidi kidogo ya mita 1. Kiangazi udongo wa Dodoma ni mgumu kama sakafu, hivyo jioni ya kuamkia kazi mwagieni ndoo moja ya maji kila mahali pa shimo. Mnaposhindilia, mawe makubwa yakae upande wa ndani karibu na uso wa ardhi, na upande wa nje chini kabisa ya shimo. Uzi mmoja hauna nguvu, ila nyuzi 60 huvuta mirunda yote kuelekea katikati, na mrunda ulioshindiliwa kwa mchanga mtupu utainama kabla ya jioni. Kama eneo ni la saruji, kateni mirunda iwe ya futi 5 na nusu, simamisheni kila mmoja kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojazwa zege siku 3 kabla, na mpunguze jozi za watu kutoka 60 ziwe 30. Mchanga pekee kwenye ndoo hautoshi.

Kila mrunda unabeba kibao chenye kauli moja: "Sijawahi kuiona bahari." "Napika chumbani." "Nina mdogo ninayemsomesha." "Huwa nachelewa kuwapigia nyumbani." Andikeni mambo ambayo watu wanafanya au yamewapata. Kabila, dini, chama na alama za mtihani msiviguse, maana mrunda wa namna hiyo hugeuka foleni ya watu wa aina moja. Zijaribuni kauli kwa wenzenu 10 kwanza. Ikikubaliwa na 9, kama "napenda muziki", haitazaa mazungumzo. Ikikubaliwa na 1, itabaki mrunda mtupu. Zinazofaa ni zile zinazogusa watu 3 hadi 7.

Sasa uzi. Wawili wasiosoma kozi moja wanapewa uzi mmoja wa sweta wenye mita 14. Wanatakiwa watafute kauli moja inayowahusu wote wawili. Hapo ndipo mazungumzo yanapozaliwa, kwa sababu hawawezi kusonga bila kuulizana. Wakiipata, wanaukunja uzi katikati, wanazungusha kitanzi kwenye mrunda huo na kupitisha ncha zote mbili ndani yake. Kisha kila mmoja anashika ncha yake na kuipeleka kwenye mirunda mingine miwili inayomhusu yeye. Kipande kinachobaki wanakikata na kufungana mkononi. Simu haipigi picha muda huo, mikono ina kazi.

Jozi 60 zinahitaji mita 840. Dukani someni lebo mjue mita, msidanganywe na gramu, maana uzi mnene wa gramu 100 unaweza kuwa nusu ya urefu wa mwembamba. Kateni mapema na kuviringisha kila uzi kwenye kipande cha boksi. Mkizirundika kwenye mfuko zitafumana, na nusu saa nzima itaishia kufumua mafundo huku watu wakiondoka.

Linaloharibu duara mara nyingi ni kuanza juu. Jozi za kwanza zifunge usawa wa goti, zinazofuata zipande kidogo kidogo. Ndani kukishajaa, mshika uzi anatembea nje ya duara na kuuinua juu ya vichwa vya mirunda. Ndiyo sababu mrunda usizidi futi 5 na nusu juu ya ardhi, ili hata mfupi afikie.

Wahudumu 4 wanatosha, na wote wasimame. Meza yenye watu waliokaa nyuma yake humfanya mpita njia afikiri anaandikishwa kitu. Usianze kwa maelezo. Mpe mtu ncha ya uzi, umwambie "shika hapa", na umgeukie wa pili. Maelezo yafuate akiwa tayari ameshika.

Spika kubwa iacheni bwenini. Muziki wa spika hukusanya watu na kuwanyamazisha papo hapo, kwani hawasikiani. Kama mnataka sauti, mwombeni mwenzenu anayepiga zeze au ilimba. Ala hizi za Wagogo zina sauti ya chini, na mtu husogea karibu ili asikie.

Muda mzuri ni kuanzia saa 10 jioni, jua likiwa limelegea, hadi karibu na magharibi. Mahali ni njia ya kutoka mabweni kwenda kula. Mbele ya jengo la utawala watu hupita haraka. Barua ya ruhusa ipitie serikali ya wanafunzi hadi kwa mshauri wa wanafunzi, ikiwa na mchoro, saa, na jina la atakayefukia mashimo. Jina hilo ndilo wanaloliangalia kwanza.

Hamna hela? Tumieni vitendawili. Karatasi moja ya manila ya A1 ikikatwa nusu kwa nusu mara 6 hutoa kadi 64, yaani vitendawili 32 na majibu yake. Mwenye "nyumba yangu haina mlango" amtafute mwenye "yai". Msigawe zote pamoja, kwani mwenye jibu akiondoka, mwenzake atazunguka hadi akate tamaa. Toeni vitendawili 8 na majibu yake 8, na jozi hizo zikikutana ndipo mtoe nyingine.

Na ule ubao wa msomaji wangu usitupwe. Ufuteni, usugueni uso mzima kwa ubavu wa chaki na kuufuta kwa kitambaa kikavu, ili maandishi ya zamani yasionekane. Gaweni pande mbili: kushoto mtu anaandika nusu ya sentensi, kulia anamalizia mwingine, naye aliyeanza hasogei mpaka imaliziwe. Ubao wa futi 4 kwa 8 ni kama tanga la mashua. Upepo wa mita 10 kwa sekunde huusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 20, basi wekeni viroba viwili vya mchanga kwenye kila mguu.

Nyuzi ziondolewe jioni ile ile. Nyingi ni za plastiki, na mbuzi wakipita asubuhi watazila. Kateni kwa mkasi mrunda kwa mrunda, jazeni kwenye kiroba, kisha ng'oeni mirunda na kufukia mashimo kabla ya giza.