Tarehe 5 Machi imegeukaje kuwa 3 Mei?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza programu ya kukatia tiketi za mabasi kwa wakala mmoja hapa Mbezi Luis. Natumia lugha ya Python na dateutil, maktaba ya kusomea tarehe. Makarani wanaandika tarehe hivi: 05/03/2024. Tiketi za tarehe 13 na kuendelea ziko sawa, ila za 5 Machi nazikuta kwenye orodha ya 3 Mei, na programu hailalamiki. Halafu karani akiandika saa 12, basi la asubuhi linakuwa la mchana. Nifanyeje? – Msomaji, Kimara

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Dateutil usipoielekeza husoma namba ya kwanza kuwa mwezi, kama wafanyavyo Marekani. Kwa hiyo 05/03 kwake ni mwezi wa tano, tarehe tatu. Ikikutana na 13/03 inaona hakuna mwezi wa 13, inabadilisha mpangilio kimyakimya na kupatia. Ndiyo maana nusu ya mwezi iko sawa.

Kuongeza `dayfirst=True` (siku itangulie) kutasaidia, lakini kwenye tiketi mimi nisingeishia hapo, kwa sababu bado itaipokea 03/25/2024 bila kuuliza. Tumia `datetime.strptime(maandishi, "%d/%m/%Y")`. Hii haibahatishi: mwezi ukizidi 12 inatoa kosa la `ValueError`, na karani anaambiwa palepale aandike upya, abiria akiwa bado dirishani. Angalia herufi tu: `%m` ni mwezi, `%M` ni dakika.

Tiketi zilizokwisha kuingia zinarekebishika. Kama zote ziliandikwa kwa mtindo huohuo, basi kila iliyohifadhiwa ikiwa na tarehe 1 hadi 12 imegeuzwa. Rudisha siku na mwezi mahali pake. Toa nakala ya hifadhidata kwanza.

Sasa saa, na hapa ndipo watu wanapoachwa na basi. Karani hajakosea. Saa 12 asubuhi ni saa 12 kweli, ila kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kwake ni 06:00. Usimlazimishe karani abadili lugha yake. Mpe sehemu mbili za kujaza, saa na kipindi. Alfajiri na asubuhi: jumlisha 6, ukivuka 12 toa 12. Mchana na jioni: saa 6 hadi 12 jumlisha 6, na saa 7 mchana ikawa 13:00. Usiku ndio wenye mtego. Saa 1 hadi 5 jumlisha 18, lakini saa 6 hadi 11 toa 6, na tarehe imeshabadilika. Abiria akisema "Jumamosi saa 8 usiku", wengi humaanisha usiku wa kuamkia Jumapili, yaani Jumapili 02:00. Programu imwonyeshe karani siku hiyo kabla hajabonyeza kuhifadhi.

Ukishapata wakati kamili, ufunge na eneo lake la saa: `ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")`, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.9. Kisha uhifadhi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Sisi tuko mbele saa 3 mwaka mzima, kwa hiyo safari hiyo ya Jumapili 02:00 itakaa kwenye seva kama Jumamosi 23:00. Usishtuke ukiiona, ila usiichapishe hivyo.

Kwenye tiketi yenyewe andika zote mbili: "Jumapili, saa 8:00 usiku (02:00), usiku wa kuamkia Jumapili". Karatasi ina nafasi ya kutosha.