Maswali yenu: kingamwili inayotafuta CD4

Nilipoanza kliniki nilitolewa damu, majibu yakaja CD4 180. Damu ina seli chungu nzima, hizo mlizihesabuje? (Msomaji, Mbeya)

Dada yangu, CD4 ni protini iliyo kwenye utando wa nje wa seli nyeupe zinazoongoza kinga, na VVU huingilia hapo hapo. Tunazisaka kwa kingamwili (protini ya kinga inayoshika kitu kimoja maalumu), hapa inayoshika CD4, iliyofungwa rangi inayong'aa ikipigwa leza. Naiweka kwenye tyubu, naongeza mikrolita 50 za damu yako, nafunika isipate mwanga, nasubiri dakika 15. Kisha namimina maji ya kupasua seli nyekundu, na ile damu nzito inakuwa angavu mpaka unasoma maandishi yaliyo nyuma ya tyubu. Mashine inapitisha seli moja moja mbele ya leza na kuhesabu zinazong'aa. Zako ni 180 katika milimita moja ya ujazo. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 hadi 1,500 hivi.

Kingamwili hiyo mnaitoa kwa nani?

Asili yake ni panya. Mwaka 1975, huko Cambridge, wanasayansi Köhler na Milstein waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani, ikapatikana seli isiyokufa, inayotoa kingamwili ya aina moja tu. Mwaka 1984 walipata Tuzo ya Nobel, pamoja na mwanasayansi mwenzao, Jerne.

Niko mafunzoni. Kwenye mchoro naona makundi mawili ya CD4, moja linang'aa hafifu. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Hilo hafifu ni monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo zina CD4 kidogo. Ndiyo maana tunaongeza kingamwili yenye rangi nyingine inayoshika CD3, protini ambayo monosaiti hazina, tukahesabu seli zilizoshika zote mbili. Ukijumlisha na monosaiti, unampa mgonjwa kinga asiyokuwa nayo.

Chupa yetu ya anti-CD4 (kingamwili ya CD4) yenye rangi ya PE iliganda kwenye friza. Kwa macho iko sawa. Tuitumie?

Hapana, tafadhali! PE ni protini ya mwani mwekundu (ndugu wa mbali wa ule unaolimwa Zanzibar), na barafu huiharibu. Mng'ao ukififia, seli za CD4 zinachanganyika na zisizo nazo, na mashine itakutolea namba safi kabisa ambayo si ya kweli. Mimi niliwahi kutupa chupa iliyokuwa haijafunguliwa hata mara moja. Iliniuma, maana bei yake naijua. Ihifadhiwe nyuzi 2 hadi 8, gizani, mbali na ukuta wa friji unaogandisha.

Siku hizi kila mwenye VVU anaanzishiwa dawa. CD4 ya nini tena?

Ni kweli, tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa kwa wote bila kusubiri CD4 ishuke, na kama dawa zinafanya kazi hufuatiliwa kwa kupima wingi wa virusi. Lakini chini ya 200 mtu yuko kwenye hatari ya kifua kikuu na fangasi wa ubongo, hata kama anatembea na kucheka. Kwa hiyo dada wa Mbeya, ukirudi kliniki uliza kama walikupima kifua kikuu na kriptokoka, yaani huyo fangasi wa ubongo.