Wakili Anajibu: Barua ya Kuagwa na Pensheni Ndani Yake

SWALI: Wakili, habari ya kazi? Nina miaka 48 na nimekuwa meneja wa mauzo kwa miaka 14 katika kampuni moja hapa Industrial Area, Nairobi. Sasa cheo changu kinaondolewa. Nimepewa barua ya kurasa mbili: nitalipwa shilingi milioni 3.1 "ikiwa ni pamoja na pensheni", na humo humo watakata salio la mkopo wa gari, shilingi 640,000. Wanataka sahihi yangu kufikia Ijumaa. Nifanyeje?
Mama wa Wawili, South B

JIBU: Dada yangu, usitie sahihi Ijumaa.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama kwenye maneno yale matano, "ikiwa ni pamoja na pensheni". Pensheni si fedha za mwajiri wako. Chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997, michango ya mfuko wa pensheni iko mikononi mwa wadhamini, yaani wanaousimamia mfuko kwa niaba ya wanachama, mbali na akaunti za kampuni. Ulichokatwa kila mwezi, alichochangia mwajiri, na faida iliyozaliwa humo, vyote vinaongozwa na kanuni za mfuko. Mwajiri hawezi kukupa kilicho chako kisha akakihesabu kuwa malipo ya kukuaga.

Ukiitoa pensheni kwenye ile milioni 3.1, kinabaki nini? Hapo ndipo pa kuangalia. Cheo kikiondolewa, hiyo ni ridandansi, na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwako wewe ni siku 210, mbali na notisi na likizo ambazo hukuchukua.

Mkopo wa gari ni deni halali, ulipe. Lakini kifungu cha 36 cha ile sheria ya mafao kinakinga michango yako isikamatwe hata kwa hukumu ya korti, ila kwa namna ambayo kanuni za mfuko zenyewe zinaruhusu. Kwa hiyo zitafute hizo kanuni, uzisome mwenyewe.

Tena omba taarifa yako ya mfuko, uilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Mteja wangu mmoja aliketi mezani pangu na rula na kalamu nyekundu, akakuta miezi tisa aliyokatwa lakini haikufika kwenye mfuko. Alilia. Fedha zile tulizidai kwa nguvu kwa sababu hakuwa ametia sahihi barua yoyote ya kuagwa inayosema hana dai lingine.

Usikimbilie kuzitoa fedha zako za pensheni pia. Kabla ya kustaafu huruhusiwi kuchukua zote, na ukifika 50, miaka miwili tu kutoka sasa, unaweza kustaafu mapema.

Wadhamini wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa maandishi kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, Rahimtulla Tower, Upper Hill. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 30 za kukata rufaa kwenye baraza lake la rufaa.

Ijumaa waandikie hivi tu: "Nimepokea barua yenu. Kabla ya kutia sahihi, naomba mchanganuo wa kila kiasi bila pensheni, na nakala ya kanuni za mfuko." Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.