Maswali ya Wasomaji: Turbo, Nyaya na Kompyuta kwenye Gari la Michezo

Barua za safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaofunga injini na nyaya za magari yao wenyewe, nyumbani. Ukizisoma kwa pamoja utaona kwamba turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) inalaumiwa kwa makosa ya waya mwembamba, ethi mbovu (ethi ni muungano wa waya na bodi ya gari) na mafuta yasiyotosha. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yanahusu umeme kuliko chuma.

Nina Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, injini ya lita 1.6. Nataka kuifunga turbo kwa presha ya baa 0.5 bila kufungua injini. Nianzie wapi, na ninunue injekta (vifaa vinavyopulizia injini mafuta) za ukubwa gani?

Anza kwa kupima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, kabla hujanunua hata bolti moja. Washa injini mpaka ifikie joto lake la kawaida, izime, toa plagi zote nne, chomoa soketi za injekta na za koili (zinazotoa umeme wa cheche). Mtu mwingine akanyage mafuta mpaka mwisho na kupiga stata hadi mshale wa geji uache kupanda. Asipokanyaga, hewa haiingii ya kutosha na silinda zote zitasoma chini. Silinda iliyo dhaifu isipungue zaidi ya asilimia 10 chini ya iliyo imara. Ikipungua, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kikibaki palepale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Injini iliyochoka haifai kuongezewa presha hata kidogo. Itengeneze kwanza.

Injini hiyo ina uwiano wa mgandamizo wa 9.4:1, na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 115. Kwa baa 0.5 za turbo hewa inayoingia inaongezeka kwa karibu nusu, ila joto linakula sehemu ya faida hiyo, kwa hiyo piga hesabu ya nguvu 170 na usitegemee zaidi.

Sasa injekta. Injini ya turbo ya petroli inahitaji kama sentimita za ujazo 6.3 za mafuta kwa dakika kwa kila nguvu moja ya farasi. Nguvu 170 mara 6.3 ni 1,071. Gawa kwa silinda nne upate 268. Kisha gawa kwa 0.85, kwa sababu injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake. Ikizidi hapo haipati nafasi ya kufunga sawasawa na kompyuta ya injini haiwezi tena kuitawala. Jibu ni 315. Chukua za 330 hadi 370 ili ubaki na akiba. Hesabu hii inachukulia presha ya mafuta ya baa 3 juu ya presha ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa), kwa hiyo regyuleta ya mafuta iwe na mpira unaotoka kwenye manifoldi. Bila mpira huo, kila presha ya turbo inapopanda, mafuta yanayotoka yanapungua.

Kipima hewa cha kiwandani cha injini hiyo ni cha kibao kinachosukumwa na hewa. Kikishafunguka mpaka mwisho hakioni tena hewa inayoongezeka, na kompyuta inaendelea kutoa mafuta ya injini isiyo na turbo. Kwa hiyo panga kununua kompyuta ya kuprogramu inayosoma presha ya manifoldi. Hiyo usiifanyie ubahili.

Mambo mengine yanayosahaulika: plagi ziwe baridi kwa daraja moja na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8, kwa sababu chini ya presha cheche inashindwa kuruka mwanya mpana na gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka. Mpira unaorudisha oili kutoka turbo kwenda sampu (bakuli la oili chini ya injini) uwe mpana, uteremke moja kwa moja bila kona wala tumbo, na uingie juu ya usawa wa oili. Oili inatoka turbo ikiwa povu na inashuka kwa uzito wake tu. Ikikwama, inavuja kupitia sili na utaona moshi wa buluu. Watu wengi hubadilisha turbo nzima kumbe tatizo ni mpira uliojikunja. Valvu ya hewa ya krankikesi nayo ihakikishe inapitisha upande mmoja tu, la sivyo presha ya turbo itaingia kwenye sampu na kusukuma sili nje.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, chomoa soketi za koili na injekta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ionyeshe presha. Ndipo urudishe kila kitu na kuwasha. Turbo ikizunguka kavu, beringi zake zinakwaruzika mara moja.

Nimeweka pampu kubwa ya mafuta, lakini juu ya mizunguko 5,000 kwa dakika gari linakosa nguvu na geji ya lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta) inaonyesha mafuta kidogo. Pampu ni mpya. Je, ni mbovu?

Huenda haina kosa lolote. Pampu hutoa mafuta kulingana na volti inazopata. Waya wa kiwandani umepangiwa pampu ndogo. Chukua waya wa milimita mraba 0.85 wenye urefu wa mita 5 na pampu inayovuta ampea 15. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa kama omu 0.02 kwa mita, kwa hiyo volti 1.5 zinapotea njiani. Altaneta inatoa 14, pampu inapata 12.5, na hapo hatujahesabu soketi zilizoshika kutu. Kwa waya wa milimita mraba 4 upotevu ni kama volti 0.3 tu.

Pima pampu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu waya usiopitisha mkondo hauonyeshi upotevu wowote. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu. Isizidi 0.5. Kisha hasi ya pampu na hasi ya betri: isizidi 0.2. Ukiona 1.0 upande wa hasi, kwangua rangi kwenye bodi pale waya wa ethi unapofungwa, mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti, halafu paka grisi juu yake kuzuia kutu.

Dawa ni rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo) karibu na tangi. Kata waya wa zamani wa chanya unaokwenda kwenye pampu. Kipande kinachotoka upande wa gari kiingie pini 86, na pini 85 iende ethi. Pini 30 ipokee waya wa milimita mraba 4 kutoka betri, na pini 87 iende kwenye pampu. Fyuzi ya ampea 25 ikae karibu kabisa na betri. Ikikaa karibu na pampu, waya wote wa katikati hauna ulinzi, na ukichubuka kwenye chuma utawaka moto. Weka pia dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kati ya 85 na 86, mstari wake ukitazama 86, ili kuzima msukosuko wa umeme koili ya rilei inapoachia.

Faida ya kutumia waya wa zamani kuamsha rilei ni kwamba kompyuta inabaki na mamlaka ya kuzima pampu injini inapokufa. Kuna wanaounga rilei moja kwa moja kwenye swichi ya funguo. Tunawasihi waache. Gari likigonga na bomba la mafuta likakatika, pampu hiyo itaendelea kumwaga petroli maadamu funguo iko wazi.

Kabla ya kugusa bomba lolote la mafuta, toa fyuzi ya pampu injini ikiwa inaunguruma, iache izime yenyewe, kisha fungua hasi ya betri.

Kuunga nyaya: nilehemu au nibane kwa koleo?

Bana. Lehemu inapoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuzifanya ngumu kama kijiti. Pale ugumu unapoishia, mtikisiko wa injini unakunja waya mahali palepale kila sekunde, na siku moja unakatika ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa nje. Tumia terminali inayolingana na unene wa waya, na koleo la kubania lenye meno mawili, moja kwa shaba na moja kwa ganda. Plaisi ya kawaida hairuhusiwi. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu ya mkono. Ikichomoka, afadhali ichomoke mezani. Funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kusokota nyaya na kuzifunga selotepu ni kazi ya kukufikisha nyumbani tu, si ya kuacha ndani ya gari.

Nimefunga kompyuta ya kuprogramu. Injini inawaka na kutulia vizuri, lakini ikifika mizunguko 4,000 inakata kama vile imezimwa swichi, halafu inarudi. Nimebadilisha koili mara mbili.

Acha kununua koili. Kukata ghafla na kurudi ghafla ni dalili ya kompyuta kupoteza hesabu ya meno ya gurudumu la kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ambayo sensa huyasoma. Karibu kila kompyuta ya aina hii ina uwezo wa kurekodi ishara ya sensa na kuhesabu mara ilizopotea. Rekodi injini inapokata. Hesabu ikiongezeka hapohapo, umempata mwizi.

Sensa za kranki ziko za aina mbili. Ile ya sumaku yenye nyaya mbili hutoa volti ndogo stata inapozungusha na volti nyingi injini inapokimbia, na inajali mwelekeo: nyaya zikibadilishana, kompyuta inasoma upande usio sahihi wa wimbi. Injini itawaka, lakini taiming (wakati wa kupiga cheche) inahama kadiri mizunguko inavyopanda. Jaribio lake ni rahisi. Iagize kompyuta ifunge taiming kwenye digrii 10, mulika alama ya puli kwa taa ya taiming, kisha pandisha mizunguko polepole hadi 4,000. Alama ikihama, badilishana nyaya mbili za sensa upime tena. Fanya jaribio hili hata kama gari halina tatizo. Nyaya zikiwa kinyume, kwenye skrini unaweza kuona digrii 20 huku injini ikipata 28, na chini ya presha ya turbo tofauti hiyo inatosha kuvunja pistoni.

Aina ya pili ni ya nyaya tatu, inayopokea volti 5 au 12. Hii haina shida ya mwelekeo, ila mara nyingi inahitaji resista ya kuvuta ishara juu, ambayo kompyuta nyingi zinaiwasha kwa programu.

Kwa aina zote mbili angalia mwanya kati ya sensa na meno. Milimita 1 ni mwanzo mzuri. Zungusha kranki kwa mkono mzunguko mzima ukiukagua, maana gurudumu lililokaa kombo linakaribia upande mmoja na kukimbia upande mwingine. Waya wa sensa uwe na ngao ya nyuzi, na ngao hiyo iungwe kwenye kompyuta peke yake. Ukiunga ncha zote mbili, mkondo wa ethi unapita ndani ya ngao na kuleta kelele uliyokuwa unaikimbia. Usipitishe waya huo pamoja na nyaya za koili. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Halafu kagua ethi zako. Ethi za koili na ethi kuu za kompyuta ziende kwenye bloku au silinda hedi, mahali pamoja. Ethi za sensa zirudi kwenye pini yake maalumu ya kompyuta, kamwe zisiguse bodi. Sababu ni hesabu ndogo: ampea 5 zikipita kwenye ethi yenye ukinzani wa omu 0.02, zinaacha volti 0.1. Sensa ya presha inayosoma baa 3 kwa volti 5 itadanganya kwa baa 0.06, na kompyuta itatoa mafuta ya presha isiyokuwepo, au itanyima yanayohitajika.

Lambda iwe ngapi wakati turbo inasukuma, na sensa yake niiweke wapi?

Kwa petroli ya kawaida, 0.78 hadi 0.82, yaani kama sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa moja ya mafuta. Kwenye mwendo mtulivu bila presha, 1.0 inafaa. Anza na mafuta mengi na taiming ya nyuma, kisha sogeza kidogo kidogo ukisikiliza kugonga, yaani mlio wa mafuta yanayolipuka vibaya ndani ya silinda.

Sensa ikae baada ya turbo, ikiinama angalau digrii 10 juu ya mlalo ili maji yasikusanyike ndani. Injini isiungurume sensa ikiwa haina umeme, kwani masizi yanaiua. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia na utasoma mafuta kidogo ambayo si kweli.

Fyuzi ya ampea 15 inaungua kila baada ya siku chache. Naweza kuweka ya 30?

Hapana. Fyuzi inalinda waya, na waya wako haujaongezeka unene. Badala yake toa fyuzi, weka mahali pake taa ya wati 21 yenye vipande viwili vya waya, na uchomoe vifaa vyote vya sakiti hiyo. Taa ikiwaka kwa nguvu, kuna waya unaogusa bodi, na taa inazuia mkondo usizidi ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Tembea na fungu la nyaya ukilitikisa kipande kwa kipande. Anzia linapopita kwenye ukuta wa injini, kisha karibu na manifoldi ya ekzosi. Taa ikififia au kuzimika mkono wako ukiwa mahali fulani, fungua hapo.