Mkuu, hiyo tina isiguse boneti

Kama fundi yuko hapo nje tayari, mwambie asubiri. Umesema gari limetoka Japani, limefika kwako Sahare, hapa Tanga, juzi, boneti na mlango wa kulia vimebaki na gundi ya ile plastiki nyeupe ya kukinga rangi safarini na karatasi za namba za yadi, na fundi amekutuma ununue tina nusu lita akumalizie kazi chapchap. Umeuliza pia stika za kioo cha mbele, polishi gani ni nzuri, na kama upige nta kabla hujapanda nalo Lushoto. Tuanze na hiyo tina, maana ikishamwagika hapo mengine yote hayana maana.

Kazi ya tina ni kuyeyusha rangi. Kaa na fundi rangi yeyote pale Ngamiani akishamaliza kupuliza, umwangalie anavyosafisha pampu yake: anamimina tina, anatikisa, na rangi iliyokuwa imeanza kushika mle ndani inatoka yote. Tina nyingi zina vitu kama tolueni na asetoni, na hivyo havichagui gundi vikaiacha rangi. Gundi italainika haraka sana, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge, kwa sababu dakika ya kwanza kazi inaonekana safi kabisa.

Langu lilipata hayo hayo. Bluu iliyokolea, metaliki, boneti ina michirizi ya gundi kama hiyo yako. Jamaa wa pale nilipokuwa naoshea akaniapia: "Bosi, magari yote ya Japani tunayatoa hivi." Akalowesha kitambaa cheupe, akafuta. Gundi ikaondoka, boneti ikang'aa. Kisha majimaji yakakauka, na pale alipopita mkono wake pakabaki ukungu mweupe, unaona kabisa kiganja kilipoanzia na kilipoishia. Ukigusa kwa kidole, panavuta. Nikamwomba kile kitambaa. Kilikuwa na bluu.

Hiyo bluu ndiyo unapaswa kuielewa. Magari mengi ya sasa yana rangi yenyewe chini, na juu yake klia, ule utando usio na rangi unaoleta mng'ao na kuikinga na jua. Kitambaa kikishika rangi, ujue ama klia imeshaliwa hapo, ama boneti ilishapigwa rangi upya huko lilikotoka. Japani nako magari yanagongana na yanapigwa rangi, na aliyekuuzia si lazima akwambie. Rangi ya kiwandani inaokwa kwenye tanuri, inavumilia kidogo, ingawa ikikaa na tina nayo inalainika na kufifia. Rangi ya gereji ambayo haikuchanganywa na hadina, ile dawa ya kuikaza rangi, haivumilii hata kidogo. Wewe kwa kuitazama juu juu tu huwezi kujua boneti yako ni ipi kati ya hizo. Fundi naye hawezi.

Sasa angalia jamaa huyo alivyotaka kurekebisha. Akaniletea mwenzake na msasa wa maji na polishi ya kukata, eti aondoe ukungu. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 hivi, na milimita moja ina maikroni 1000. Yaani uzipange klia 20 au zaidi moja juu ya nyingine ndiyo upate milimita moja! Na kwenye kingo za boneti mara nyingi ni nyembamba zaidi. Jamaa akasugua mpaka ukingo wa mbele ukatoa rangi ya kijivu, praima ile, yaani rangi ya msingi inayokaa chini ya zote. Hapo hakuna polishi itakayosaidia, ni kupiga rangi boneti nzima. Tukapiga. Ndani ya gereji, kivulini, imefanana. Nikalipeleka Raskazone saa saba mchana, boneti ni bluu moja na fenda ni bluu nyingine, na ndivyo lilivyo hadi leo.

Na hiki ndicho kinachoniuma: aliyefuta alilipwa, aliyesugua alilipwa, aliyepuliza alilipwa. Wote watatu wanafahamiana. Nilipomrudia yule wa kwanza akasema rangi ya gari langu "ilikuwa dhaifu". Mtu ameimwagia kiyeyusha rangi halafu kosa ni la rangi! Mkinicheka nichekeni, lakini mnaosema hapo juu kwamba tina haina shida "ukifuta haraka", mmefanya kwenye magari yenu au ya wateja?

Mkuu, gundi inatoka kwa joto, mafuta na subira. Osha kwanza kwa maji mengi na sabuni, kwa sababu mchanga ukibaki utachora rangi wakati unafuta. Liegeshe kivulini. Azima draya ya saluni, puliza ukiisogezasogeza, usiikazie mahali pamoja, mpaka bodi iwe ya moto lakini kiganja kinaweza kukaa. Plastiki iliyobaki ivute taratibu ikijikunja juu yake yenyewe, usiivute kwenda juu. Gundi yenyewe ipake mafuta ya nazi au ya kupikia, uiache inywe, kisha isukume kwa kidole gumba. Itajiviringa vipande vidogo vya kijivu kama nongo. Futa, rudia.

Penye ubishi, zima draya na uiweke mbali kabisa, kisha tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, yaani kwenye kitambaa, usiyamimine kwenye bodi. Jaribu kwanza sehemu ya chini ya mlango isiyoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, simama hapo hapo, endelea na sabuni na mafuta ya nazi tu. Kisipotoka na rangi, futa gundi kisha osha kwa sabuni papo hapo. Yasifike kwenye mipira ya milango, yanaivimbisha. Taa za mbele ni plastiki, hizo hata hayo mafuta ya taa yasizifikie, na tina ikizigusa zinapasuka vijinyufa ndani kwa ndani na haziponi.

Wembe na stiliwaya, hapana. Kwenye kioo wembe unaruhusiwa, kwenye rangi hapana kabisa.

Ukimaliza, huenda ukaona kivuli cha umbo la karatasi pale mlangoni hata kama mkono unapita laini. Hiyo si gundi. Ni rangi iliyofunikwa wakati pembeni kunapigwa jua, na wengi wanaharibu hapo kwa kuendelea kusugua kitu ambacho hakipo. Kiache.

Tuwekee picha ya boneti kabla hujaigusa, na moja ya karibu ya ukingo wa mbele, upande wa ndani pia ukiifungua. Ukiona alama za tepu au rangi imerukia kwenye bolti za bawaba, boneti hiyo imeshapigwa rangi, na hapo hata mafuta ya taa usiyatumie.