Chozi la Kamera Moja

Mmeuliza wiki hii: je, vichekesho vya mapenzi vinaweza kuisha bila wapendanao kuoana? Vinaweza, na ushahidi ni Broadcast News, filamu ya James L. Brooks ya mwaka 1987. Lakini swali lenu limenichokonoa kwingine: mtu huachwa kwa sababu ya chozi moja?

Jane (Holly Hunter), mtayarishaji wa habari mjini Washington, anampenda Tom, mtangazaji aliyejaliwa sura kuliko ujuzi. Tom amemhoji mwanamke aliyebakwa, na chozi lake Tom likaonekana hewani. Baadaye Aaron, ambaye naye anampenda Jane, anamdokeza: kamera ilikuwa moja tu. Basi chozi lilipigwa picha saa ngapi? Jane anautazama mkanda mzima na kugundua: Tom alijiliza baada ya mahojiano, kamera ilipogeuzwa kwake.

Hapo nilishindwa kutulia, maana niliwahi kuwa mhariri wa picha katika kituo cha televisheni. Jioni moja mwandishi alileta mahojiano na mama aliyefiwa na mtoto. Mama alizungumza muda mrefu, akikisokota kitambaa mkononi. Kisha mkanda ukaruka, akabaki mwandishi peke yake, akitikisa kichwa na kushusha pumzi. Katika kioo cha dirisha nyuma yake nilikiona kiti cha mama. Kitupu. Alikwisha ondoka. Pumzi ya kwanza mwandishi hakuipenda, akairudia. Ya pili, akairudia tena. Nikachagua ya tatu, nikaipachika pale mama anapolitaja jina la mwanawe. Ilikaa sawasawa. Watazamaji walipiga simu kumsifu mwandishi kwa utu wake, nami sikusema neno. Jina la yule mtoto ninalo hadi leo.

Ndiyo maana siku zote nimemtetea Jane. Kule Nikaragua, walikokwenda kuripoti vita, mpigapicha anapomwambia mpiganaji avae buti mbele ya kamera, ni Jane anayeingilia kati: afanye atakavyo mwenyewe. Mtu wa namna hiyo angesafirije na Tom? Walikuwa wamepanga safari ya pamoja; walipokutana uwanja wa ndege, Jane hakusafiri naye.

Ila nikiisoma tena ile "nikachagua" niliyoiandika hapo juu, ukali unanipungua. Yule mwandishi alishusha pumzi tu. Aliyeipachika ni mimi. Tom naye anamwambia Jane kwamba huo mpaka ambao Jane anadai Tom ameuvuka, watu wa habari wenyewe wanausogeza kila mara. Zamani niliona ni kisingizio. Leo naona ana hoja, ingawa haimsafishi.

Kwa hiyo Jane yuko sahihi. Mimi, pengine, ningepanda ile ndege, mradi Tom angeniambia kwa kinywa chake kabla sijauona mkanda.